Bakuli Hasi Moja la Uji

Jumatatu, 4 Agosti

Siku ya ishirini na tisa bila mke. Nyumba kimya mpaka nasikia friji ikinguruma. Nimefungua daftari hili, ambalo lilikuwa la kuandikia wateja wa viwanja, kwa sababu wateja hawapo na mambo ya kuandika yapo tele.

Kwa faida ya atakayelisoma nikishakuwa mtu mkubwa: mimi ni Kibwana, dalali wa viwanja hapa Mapinga. Mke wangu Adila amejifungua mtoto wa kike, Lulu, na kama ilivyo desturi yetu yuko kwa mama yake Bagamoyo mjini, analelewa mpaka atimize arobaini. Huko anakandwa maji ya moto, anafungwa mkaja tumboni, ananyweshwa uji wa pilipili manga. Mimi nikienda nakaa barazani. Naletewa mtoto dakika kumi, kisha anarudishwa ndani. Juzi alipiga chafya, na kabla sijamaliza kufurahi wakamchukua.

Leo nimejiharibia. Nilimpelekea Adila chipsi kavu na soda baridi. Mama mkwe, Bi Ashatu, aliufungua mfuko, akaufunga, akaenda kuwamwagia kuku. Akarudi akaniuliza, kwa upole wake ule unaotisha, kama hicho ndicho nitakachomlisha mwanawe anayenyonyesha. Nikamjibu kwamba nilitaka kuleta chipsi mayai ila mayai yalikuwa yameisha. Jibu hilo halikusaidia.

Akatoa hukumu. Ijumaa ya tarehe kumi na tano, siku ya arobaini yenyewe, atakuja Mapinga na mashangazi wawili wa Adila kula chakula cha mchana nilichopika kwa mikono yangu. Si cha kununua, wala cha kupikiwa na jirani. Akiridhika, Adila na Lulu wanarudi nyumbani kesho yake. Asiporidhika, wanabaki kwake mpaka Lulu atembee.

Mpaka atembee! Huo ni mwaka mzima wa dakika kumi kumi.

Aliyefurahi ni Twalib, mwanyumba wangu, mume wa dada yake Adila. Anafuga mbuzi Msata na anapendwa na mama mkwe kupita kiasi. Mkewe alipojifungua alimpikia mwenyewe, eti bila kufundishwa na mtu. Akaniuliza kama jiko langu nalijua lilipo. Nikamwambia nalijua vizuri, liko jikoni.

Jumanne, 5 Agosti

Nimepata dawa. Twalib atalia.

Nilikwenda zahanati kuuliza wazazi wanakula nini. Muuguzi alikuwa na foleni ndefu, akanipa kijitabu cha lishe ili niondoke. Ndani kuna jedwali: kila chakula kimeandikiwa kalori zake, yaani nguvu, na gramu zake za protini, yaani ya kujenga mwili. Nikasoma nimesimama palepale mlangoni. Watu wakawa wananipita ubavuni.

Ghafla nikakumbuka kidato cha tatu. Milinganyo miwili ya pamoja, ile tuliyoiita saimoltenia. Vitu viwili huvijui, una taarifa mbili, unakokotoa, unavijua vyote. Basi chakula si ndiyo hivyohivyo? Mama mkwe anapima kwa kiganja na kuonja kwa ulimi. Mimi nitapima kwa hesabu. Hisabati kidato cha nne nilipata D, lakini ilikuwa D ya juu.

Nimeanza na kifungua kinywa cha Adila, ili mama mkwe aone ninachoweza hata kabla ya siku yenyewe. Bakuli la uji lina kalori 150 na protini gramu 3. Bakuli la supu ya pweza lina kalori 150 na protini gramu 27. Kijitabu kinasema asubuhi apate kalori 300, na protini nimeona imeandikwa 78. Uji nimeuita x, supu nimeiita y.

Mlinganyo wa kwanza, nguvu: ukigawanya kwa 150, x na y jumla yake 2. Wa pili, protini: ukigawanya kwa 3, x na y tisa jumla yake 26. Nikatoa wa kwanza kwenye wa pili. Y nane ni 24. Y ni 3. Supu mabakuli matatu, safi kabisa.

X ikawa hasi moja.

Nimehakiki mara nne. Bado hasi moja. Uji bakuli hasi moja.

Mtu mwingine angechana karatasi. Mimi ni dalali. Kwenye viwanja ukiambiwa una hasi mita moja, maana yake jirani amekula mita yako moja. Kwa hiyo bakuli hasi moja la uji maana yake kuna mtu inabidi ale bakuli moja la uji wa Adila. Na mtu huyo, kwa mapenzi niliyonayo, nitakuwa mimi.

Jumatano, 6 Agosti

Nimekwenda kwa Iqbal, mwenye duka la vyombo mjini, kununua mizani ya jikoni ile ya kidijitali. Duka lilikuwa la babu yake, na Iqbal hamwamini mteja yeyote tangu enzi za babu yake. Nikamweleza hesabu yangu. Akasikiliza mpaka mwisho, akaniuliza huo uji hasi unawekwa kwenye chombo gani, maana yeye dukani kitu kikifika sifuri husema kimeisha na hajawahi kumuuzia mtu kilichopita hapo. Nikamwambia biashara na sayansi ni mambo mawili. Akasema mizani ikishatoka dukani hairudishwi.

Pweza nimeagiza kwa muuza supu karibu na soko la samaki. Mabakuli matatu, kesho asubuhi. Akaniangalia juu mpaka chini, akanitakia kila la heri. Sikuelewa kwa nini.

Alhamisi, 7 Agosti

Aibu. Aibu tupu.

Mpango ulikuwa mzuri. Saa tatu asubuhi mama mkwe humwogesha Lulu, na uji wa Adila huachwa jikoni upoe. Mkwe wa kiume haingii jikoni kwa mama mkwe, hilo nalijua tangu sijaoa. Mkwe anaishia barazani, au ukumbini kama kuna msiba. Lakini nilijiambia hesabu haijui ukwe. Nikaweka supu yangu barazani, nikazunguka kwa mlango wa uani, nikavua viatu, nikaingia.

Bakuli lilikuwa mezani limefunikwa kwa kawa. Nikafunua. Nikanywa hasi moja yote, kwa haraka, nisije nikakutwa.

Sikujua kwamba uji wa mzazi una pilipili manga kiasi kile. Na tangawizi. Koo lilishika moto, macho yakajaa machozi, nikakohoa kikohozi kilichosikika mpaka barabarani. Mama mkwe akatokea mlangoni na Lulu mkononi, mtoto ana povu la sabuni kichwani. Nyuma yake mashangazi wawili. Mimi nina kawa mkono mmoja, bakuli tupu mkono wa pili, na uji kwenye masharubu.

Nikaona ni mimi wa kusema. Nikasema shikamooni. Hawakuitikia. Nikasema nilikuwa nasawazisha mlinganyo.

Lulu alinitazama muda wote huo bila kupepesa. Ndiyo mara ya kwanza nimemwona mwanangu zaidi ya dakika kumi, na nilikuwa nalia kwa pilipili.

Haikuishia hapo. Shangazi mkubwa alitoka barazani ameshika supu yangu kwa vidole viwili. Akauliza kama ni pweza. Nikasema ni pweza, mabakuli matatu, kwa ajili ya Adila. Akauliza tena taratibu, kama mimi mtoto wa pwani sijui supu ya pweza wanaume hunywa ya nini, na nina haraka gani wakati arobaini ya mwanamke haijatimia.

Ee Mungu wangu. Nilisahau. Jedwali halikusema chochote kuhusu hilo.

Adila alikuwa anacheka huko chumbani. Nilimsikia. Alikuwa anacheka na njaa, maana uji wake ndio ule.

Ijumaa, 8 Agosti

Siwezi kumtazama mama mkwe usoni. Inabidi kumtuma mtu akaniombee radhi, na huwezi kumtuma mgeni kwenye jambo la ndani. Mtu pekee wa kufaa ni Twalib. Nimemwomba Twalib. Nimeandika jina lake kwa kubonyeza kalamu mpaka karatasi imetoboka.

Nikampa halua na kilo mbili za sukari apeleke. Akasema atakwenda kwa moyo mkunjufu. Alikwenda, ila alipita kwanza stendi, kisha kinyozi, kisha dukani kwa Iqbal, na kote huko alieleza anakokwenda na kwa nini. Jioni nilipofika mjini, kinyozi nisiyemjua aliniuliza kama nataka masharubu yabaki au yaondolewe, maana yanashika uji.

Majibu ya mama mkwe: amenisamehe kwa sababu ya mtoto. Chakula cha tarehe kumi na tano kiko palepale. Twalib naye atakuja, awe shahidi. Na jikoni kwake patatiwa kufuli.

Jumapili, 10 Agosti

Nimempelekea hesabu zangu Mwalimu Ramadhan, jirani yangu, mstaafu aliyefundisha hisabati miaka mingi huko Kerege. Mtu mpole. Anaongea kama anaandika ubaoni.

Akavaa miwani, akasoma, akacheka kidogo kwa pua. Akanionyesha kidole kwenye kijitabu. Kalori 300 ni za asubuhi peke yake. Protini 78 ni za kutwa nzima. Nilichukua mahitaji ya siku nzima nikataka yaingie kwenye kifungua kinywa, ndiyo maana uji ukakimbia upande wa hasi. Akasema jibu hasi kwenye chakula halimwambii mtu akanywe uji wa mwenzake. Linamwambia arudi akasome swali.

Nikamshukuru. Moyoni nikaona ni mtu wa zamani, hajawahi kuuza kiwanja.

Hata hivyo tumefanya hesabu ya chakula cha tarehe kumi na tano pamoja. Wali na samaki. Kikombe cha wali kina kalori 200 na protini 4. Kipande cha nguru cha gramu mia kina kalori 100 na protini 20. Mahitaji ya mlo mmoja wa mchana, safari hii nimeyasoma mara mbili: kalori 700, protini 32. Nikakokotoa mwenyewe, Mwalimu ananitazama. Wali vikombe vitatu. Samaki kipande kimoja. Tukarudishia namba kwenye milinganyo yote miwili, zikakubali.

Vitatu na kimoja. Namba nzima, chanya, hazina mkia. Nilitaka kumkumbatia mzee wa watu. Akasema nisisahau kwamba kupika ni kupika. Nikamwambia hilo halina shida, namba zishapatikana. Nimemwalika naye aje. Kwa hiyo tutakuwa sita: mama mkwe, mashangazi wawili, Twalib, Mwalimu na mimi.

Jumanne, 12 Agosti

Adila kapiga simu. Nimefurahi mpaka nimeangusha mizani. Amesema Lulu anaanza kutabasamu. Nikamuuliza anamtabasamia nani. Akasema feni.

Mwanangu anatabasamia feni kwa sababu feni anaiona kutwa. Nimekaa na neno hilo kifuani siku nzima. Kitanda chake nimeshakitengeneza, chandarua nimetundika, nepi nimefua na kuanika zote ishirini na nne ingawa hakuna aliyezichafua. Mtoto hayupo, na mimi namhitaji hapa.

Kisha Adila akauliza nazi nimenunua ngapi. Nikamweleza kwa upendo kwamba nazi haimo. Milinganyo ni miwili, visivyojulikana ni viwili, wali na samaki. Nikiingiza nazi inakuwa kisichojulikana cha tatu, nahitaji mlinganyo wa tatu, na hatuna. Akasema mume wangu, nakuomba, tia nazi. Nikamwambia asijali. Akasema tena jina langu, polepole, kisha mtoto akalia akakata simu.

Twalib naye kapiga, eti anajitolea kuja mapema kusaidia. Akauliza vikombe vitatu ni vitatu vya nini. Swali la kijasusi kabisa. Anataka kuniibia namba. Nikamjibu kwamba kikombe ni kikombe.

Alhamisi, 14 Agosti

Nguru kapatikana, mbichi, anang'aa. Nimekata vipande sita na kuvipima kimoja kimoja. Cha kwanza gramu 131. Nikapunguza, 104. Nikapunguza, 97. Nikaongeza kijipande juu, 101. Nikapuliza, bado 101. Nimefanya hivyo kwa vyote sita, na makombo yote yamekwenda kwa paka wa Mwalimu, ambaye sasa hataki kurudi kwao.

Jaribio la kupika sijafanya. Namba hazihitaji majaribio.

Nimepiga deki. Nimebandika milinganyo ukutani mbele ya mkeka, kwa kalamu nyekundu, waisome wakati wanakula. Kesho Bi Ashatu atakoma kunitazama vile.

Ijumaa, 15 Agosti

Naandika nikiwa nimekaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, kwa sababu mikeka yote ina watu.

Saa nne asubuhi nilianza. Watu sita, kila mmoja vikombe vitatu, jumla kumi na nane. Nikapima mchele vikombe kumi na nane, nikapangusa kila kimoja kwa kisu ukingoni, nikatia kwenye sufuria kubwa la shughuli nililoazima. Mchele ulifika nusu. Nikajipongeza, nikamwaga maji, nikabandika mkaani, nikafunika.

Saa nne na nusu mfuniko ulipanda. Nikaukandamiza kwa tofali. Tofali likapanda. Nikafunua kuongeza maji, wali ukatoka nje taratibu kama una safari. Nikahamishia mwingine kwenye sufuria dogo. Likajaa. Beseni likajaa. Ndoo ya kuogea, mpya, ikajaa. Nikawa nachota kwa mikono miwili, moto, huku namtaja Mtume. Swala ya Ijumaa imenipita, Mungu anisamehe, nilikuwa nimezingirwa.

Mwalimu Ramadhan alitoka msikitini akaja moja kwa moja. Akasimama mlangoni akahesabu vyombo. Akauliza nilipima nini. Nikasema vikombe vitatu kwa kila mtu, kama tulivyokubaliana. Akauliza vikombe vya nini. Nikasema vya mchele. Akavua miwani akaipangusa, akaivaa tena. Akasema kijitabu kilisema wali, Kibwana. Kikombe kimoja cha mchele kikiiva ni vikombe vitatu vya wali. Umempikia kila mtu vikombe tisa.

Ndipo nikaelewa swali la Twalib. Limeniuma zaidi ya vidole nilivyoungua.

Wageni wakafika saa saba na nusu. Nikawakaribisha, shikamoo mama, shikamoo shangazi, shikamoo shangazi. Safari hii waliitikia. Wakakaa. Nikapakua. Kila sahani mlima, na juu ya mlima kipande kimoja cha nguru cha gramu mia na moja. Mama mkwe akasema bismillahi, akafinyanga tonge, akatia mdomoni. Akatafuna. Akaendelea kutafuna. Akauliza nazi iko wapi. Nikaonyesha ukutani. Akauliza chumvi iko wapi. Nikasema chumvi haina kalori, kwa hiyo haikuwa na mahali pa kuingia.

Twalib alitoka nje. Nilisikia anapiga ukuta kwa kiganja.

Mama mkwe akainuka, akanawa. Nikajua basi. Nikamwona Lulu anatembea, anakimbia, anakwenda madrasa, na mimi nimekaa barazani kwa watu nasubiri dakika zangu kumi. Nilitaka kusema neno la heshima, likatoka lingine. Nilisema mama, sijui kupika, ila namtaka mwanangu. Nilisema hivyohivyo mbele ya mashangazi. Sauti yangu haikuwa ya mwanamume mwenye mizani.

Alinitazama kidogo. Akauliza choo kiko wapi. Nikamwonyesha. Akapita chumbani, na alikawia huko. Nadhani aliona kitanda kidogo na chandarua, na nepi zilizokunjwa. Alipotoka alikuwa ameshajifunga kanga kiunoni. Akamtuma Twalib nazi kumi, chumvi, ndimu na pilipili. Akaniambia mimi nikae juu ya mbuzi nikune.

Nimekuna nazi kumi. Nazi tano za kwanza zilikuwa na damu ya kidole changu, hizo tukamwachia kuku wa jirani. Mama mkwe alichuja tui, akaurudisha wali jikoni kidogo kidogo, akachemsha mchuzi kwa vile vipande vya samaki na kichwa cha yule nguru nilichokuwa nimekitupa. Alionja kwa kiganja. Hakupima kitu chochote. Shangazi mkubwa akaita watu waliokuwa wanatoka kuswali alasiri, wakaja na watoto wa madrasa, wakaja na mafundi wa kiwanja cha pili, na bado ndoo ya kuogea haijaguswa.

Walikula, wakasifu. Wakasema Kibwana amemfanyia mkewe arobaini ya kifalme. Mmoja akaniombea dua. Nikaitikia amin kwa sauti.

Mama mkwe alipokuwa anaondoka akatoa hukumu ya pili. Kwamba mwanamume aliyepikia mtaa mzima wakati alitaka kupikia watu sita si mchoyo, na hilo ameliona. Kwamba nepi nimezikunja vizuri kuliko Twalib. Lakini pia kwamba mtu wa namna hii haachwi peke yake na sufuria. Adila na Lulu watakuja kesho.

Nilitaka kusujudu. Sikusikiliza sentensi iliyofuata mpaka alipoirudia. Alisema na yeye anakuja nao.

Jumamosi, 16 Agosti

Wamefika.

Nimempokea Lulu mlangoni na hakuna aliyenihesabia muda. Nimekaa naye saa nzima na robo. Amenikojolea. Amelala kifuani kwangu na mdomo wazi. Adila alikaa karibu yangu akaegemea bega, akasema wali wa jana ameletewa kwenye ndoo na ulikuwa mtamu, na anajua nani alikuna nazi, maana alikuta kipande cha plasta. Hakuna siku nzuri kama hii, nimeandika ili nisisahau.

Mama mkwe amekuja na mbuzi yake ya kukunia, kinu, mchi, kawa saba, na sanduku la bati ambalo tumelibeba watu wawili. Mtu wa kukaa siku tatu habebi kinu. Amechukua chumba cha kulala na Adila na mtoto. Mimi niko ukumbini kwenye mkeka. Milinganyo yangu ameibandua ukutani akawashia moto.

Jumatano, 20 Agosti

Mama mkwe bado yupo. Leo amehamisha jiko. Juzi alihamisha kabati. Jana aliniambia nashika mtoto kama nashika kreti ya soda. Mizani yangu anapimia dawa ya kuku wake aliokuja nao. Nimemuuliza Adila, kwa kunong'ona, mama ataondoka lini. Adila akasema hajui, na kwamba nisithubutu kuuliza.

Kitu kisichojulikana. Nikakumbuka mara moja la kufanya.

Siku atakazokaa mama mkwe mwezi huu ni x. Siku zangu za amani ni y. Jumla yake ni 30, kwa kuwa mwezi ni mwezi. Huo wa kwanza. Wa pili ni wa lawama: siku moja ya mama mkwe nalaumiwa mara tatu, na siku ya amani nalaumiwa mara moja tu, na Adila. Uwezo wangu wa kuvumilia lawama kwa mwezi mzima nimeupima bila upendeleo nikapata mbili. Kwa hiyo x tatu na y moja ni 2. Nikatoa wa kwanza kwenye wa pili. X mbili ni hasi 28.

X ni hasi kumi na nne.

Nimehakiki mara nne. Mwalimu Ramadhan angesema nirudi nikasome swali, lakini Mwalimu hana mama mkwe. Jibu liko wazi. Bi Ashatu alitakiwa aondoke wiki mbili zilizopita, yaani siku kumi kabla hajafika.

Nimeinakili hesabu kwenye karatasi safi kwa kalamu nyekundu. Kesho asubuhi nitamsomea mwenyewe, kwa heshima zote, akishamaliza kupika uji.